Mwanamke wa Tatu Kutoka Kushoto

"Mama hajafa bado, dada. Usimzike kabla ya wakati wake," Delmar Rewerts alisema, na kwa mara ya tatu asubuhi hiyo akaivuta picha upande wake wa meza.

"Wako ndiye hajafa," Verla akajibu, akairudisha upande wake. "Wangu alikufa nikiwa na miaka miwili. Na huyu hapa, wa tatu kutoka kushoto, mwenye bakuli, ndiye yeye."

"Huyo ni mama. Picha hii nimeikuza, nimeitia fremu, imekaa sebuleni kwangu miaka ishirini na mitano. Pua ya mama yangu naijua."

"Pua ya mama yako iko ng'ambo ya barabara, imebeba miwani. Nenda kaipime."

Marlys hakuinua kichwa. Alikuwa ameketi mwisho wa meza katika chumba cha chini ya kanisa, mbele ya taipureta ya umeme waliyoirithi shule ilipofungwa, akibandika ukurasa wa hamsini na tatu kwa gundi. Yeye alikuwa mke wa Gaylen, mdogo wake Delmar, kwa hiyo wote wawili waliokuwa wakigombana walikuwa shemeji na wifi yake, na yeye hakuwa na hamu ya kumpa ushindi yeyote kati yao. Hamu yake ilikuwa moja: mpiga chapa wa mjini alikuwa amesema kurasa zote zimfikie kabla ya saa tisa mchana wa Ijumaa. Leo ndiyo ilikuwa Ijumaa. Baada ya hapo mashine zake zilikuwa zinaanza kazi ya maonyesho ya kilimo ya kaunti, na kitabu cha Oldendorp kingesubiri mpaka mavuno, yaani kingekosa sherehe ya kuzinduliwa kwake.

Kibao cha barabarani kinasema Oldendorp, Iowa, watu sitini na mmoja. Marlys aliwahi kuwahesabu akapata hamsini na wanane, lakini hakumwambia mtu, maana kibao kipya kingehitaji kikao. Watu sitini na mmoja, makanisa mawili, ghala moja la nafaka refu kuliko makanisa yote mawili, na kila baada ya miaka ishirini na mitano, kitabu cha historia. Cha kwanza kilitoka mwaka 1894 kwa Kijerumani, na kila robo karne kikafuata kingine kinene kidogo kuliko kile kilichotangulia, ingawa watu walizidi kupungua. Sababu ni rahisi. Kila familia huandika ukurasa wake yenyewe, na hakuna anayethubutu kuufupisha ukurasa wa jirani.

Marlys alikuwa na diploma ya chuo cha kilimo cha jimbo. Hapo Oldendorp maana yake ni kwamba kitu chochote kinachoandikwa kwenye karatasi huletwa kwake. Amezipitia kurasa mia moja na kumi za mwaka huu kwa kalamu nyekundu, na kwa maoni yake historia yote ya mahali hapo ingeenea nyuma ya bahasha: walikuja kutoka pwani ya Ujerumani, wakalima, wakanunua shamba la jirani. Reli ilikuja, reli ikaondoka. Kiwanda cha siagi kiliungua mara mbili, mara ya pili kikaachwa. Ukurasa wa baa uliandikwa na mchungaji, kwa hiyo ulikuwa mfupi. Kurasa zilizobaki zilieleza nani aliolewa na nani na nani alileta keki gani.

Ukurasa wa hamsini na nne ndio uliokuwa umekwama kati ya Verla na Delmar.

Ilikuwa picha ya mwaka 1933. Wanawake saba wamesimama kwenye ngazi za kanisa siku ya sikukuu ya misheni, wamevaa aproni, kila mmoja na chombo chake cha chakula mkononi. Sita wamekaza nyuso kama watu wanaosubiri kung'olewa jino. Wa tatu kutoka kushoto anacheka wazi, bakuli limeinama, na ukitazama vizuri utaona saladi ya kabichi imeanza kumwagika. Maneno ya chini yalikuwa yaleyale ya kitabu cha 1969: Akina mama wa jikoni. Kutoka kushoto, Bi. Harm Abbas, Bi. Jurgen Tjaden, Bi. Dirk Rewerts, na kuendelea.

Ndivyo inavyoandikwa Oldendorp. Mwanamke akishafunga ndoa huchukua jina la mumewe lote, la kwanza na la mwisho, na lake mwenyewe hulisikia jikoni tu. Sasa Dirk Rewerts alioa mara mbili. Mke wa kwanza, Geske, alimzalia Enno na Verla, akafa. Wa pili, Hilka, alimzalia watano, wa kwanza Delmar, wa mwisho Gaylen. Wote wawili walikuwa Bi. Dirk Rewerts, kila mmoja kwa zamu yake. Maneno ya chini ya picha hayakuwa uongo kwa vyovyote, na hilo ndilo lililomkera Verla zaidi.

"Soma ukurasa wa familia yetu," Verla alisema. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mrefu, mpiga kinanda wa kanisa, na hata akikasirika alikaa kama anayengoja wimbo uanze. "Usome kama ulivyo kwenye kitabu cha 1969. 'Dirk na mkewe walijaliwa watoto saba.' Mkewe. Mmoja. Mimi na Enno tulitoka wapi, ghalani?"

"Ni namna ya kuandika tu."

"Kaburi lake halina jiwe, Delmar. Mwaka ule hakuna aliyekuwa na uwezo wa mawe, na msalaba wa mbao ulioza kabla sijajua kusoma. Hakuna anayejua yuko chini ya nyasi zipi. Enno naye ameshafariki. Kitabu kijacho ni mwaka 2019. Nitakuwa na miaka themanini na minane, kama nitakuwepo. Nisipoliandika jina lake mwaka huu hakuna atakayeliandika, na itakuwa kana kwamba hakuwahi kutia mguu hapa."

Marlys aliacha kubandika.

Delmar naye alilegea kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamume mpana wa miaka hamsini na minane mwenye shingo nyekundu ya jua, aliyechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya kitabu kwa sababu babu yake alikuwa mwenyekiti. "Dada, nakuelewa. Lakini mama ana themanini na miwili. Daktari amesema moyo wake usishtuliwe. Unataka afungue kitabu akute yeye ni wa pili kwenye ukurasa wa mumewe? Na picha yake amepewa mtu mwingine?"

"Si picha yake. Shangazi Foelke aliniambia."

"Shangazi Foelke alikuwa haoni."

"Alikuwa haoni mwishoni. Mwaka 1933 alikuwa anaona vizuri, ni huyu hapa wa pili."

"Kuna mtu amemuuliza mama?" Marlys akasema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Kumuuliza nini?" Delmar akauliza.

"Kama ni yeye kwenye picha."

Walimtazama kana kwamba amependekeza kanisa lipakwe rangi ya zambarau. Marlys alishazoea mtazamo huo. Watu wa Oldendorp hawaulizi. Wanajua, wanakisia, wanakuletea keki ili wapate kuona mapazia yako, lakini kuuliza kwa mdomo hawaulizi. Mwaka wake wa kwanza wa ndoa alimuuliza baba mdogo wa mumewe kidole gumba chake kilikwenda wapi. Mzee akamweleza, dakika mbili, mashine ya kukoboa mahindi, mwaka 1947. Mpaka leo watu wa familia humvuta Marlys pembeni ili awasimulie kisa hicho.

"Mama haulizwi mambo kama hayo," Delmar alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haulizwi. Shemeji, nakukataza."

"Unanikataza kama mwenyekiti au kama shemeji?"

"Yote mawili."

"Basi nimekatazwa mara mbili." Marlys aliichukua picha, akaitia ndani ya jalada, akachukua na penseli. "Nitarudi baada ya nusu saa. Wifi, kile kifuniko cha gundi kifunge, inakauka. Na mle kitu, mmeanza kufanana."

Nje joto la Julai lilikuwa limelala juu ya mahindi kama blanketi lenye maji. Mama mkwe wake aliishi katika nyumba nyeupe iliyotazamana na kanisa, na alikuwa ameketi barazani, beseni la maharagwe mabichi mapajani, akiyavunja vipande viwili viwili bila kuyaangalia. Birika la chai lilikuwa tayari mezani pamoja na vikombe viwili. Hilka Rewerts hakuwahi kutoa kikombe kimoja.

"Umekuja na karatasi," alisema. "Kila ukija na karatasi kuna watu wanagombana."

"Verla na Delmar."

"Juu ya nini?"

"Juu yako, mama."

"Vizuri. Nilidhani nimeshasahaulika. Keti, unywe."

Marlys akaketi. Hilka akaweka sukari ya jiwe ndani ya kikombe, akamimina chai nyeusi juu yake mpaka ikalia kama kioo kinachopasuka, kisha akaangushia krimu ukingoni. Hairuhusiwi kukoroga. Vikombe vitatu ndiyo adabu, lakini Marlys alikuwa na muda wa kimoja, tena kwa haraka. Akaifungua picha, akailaza juu ya maharagwe.

"Huyu wa tatu kutoka kushoto. Ni wewe?"

Hilka hakuinama kutazama. Alivunja haragwe moja, la pili, la tatu.

"Miaka ishirini na mitano nimengoja mtu aulize hivyo," alisema. "Si mimi."

"Ni nani?"

"Geske. Nani mwingine angecheka wakati mpiga picha anasema tulieni?"

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nasema tulieni."

Marlys aliweka kikombe chini.

"Nilikuwa mwalimu," Hilka aliendelea, sauti ileile ya mtu anayesimulia bei za mayai. "Miaka ishirini na mmoja, kutoka kaunti ya kaskazini. Mwalimu alikuwa anakaa kwa familia, zamu yangu ikawa kwa akina Rewerts, chumba cha juu. Kaka yangu alinitumia kamera ya boksi, nikawa naudhi watu wote kwa picha. Geske alikuwa ananipikia. Alikuwa na sauti ya tarumbeta. Alinifundisha kukamua ng'ombe, mimi nikamfundisha kuandika Kiingereza, na jioni tulicheka mpaka Dirk akagonga dari kwa ufagio."

"Kumbe mlikuwa marafiki."

"Sikuwa na mwingine hapa. Februari akashikwa na nimonia. Siku nne. Shule ilipofungwa Mei nikarudi kwetu. Mwaka uliofuata Dirk akaja na gari mpaka mlangoni kwa baba yangu, akavua kofia, akasema, 'Watoto hawali.' Hakusema kitu kingine. Hiyo ndiyo ilikuwa posa yangu."

"Ukakubali."

"Enno nilikuwa nimemfundisha alfabeti. Verla alikuwa amelala mapajani mwangu tangu hajajua kusema vizuri. Ningekataa vipi?" Akamimina kikombe cha pili bila kuuliza. "Dirk hakulitaja jina lake tena mpaka siku anazikwa. Na mimi nikafuata. Nilidhani ndiyo heshima."

Marlys alitazama saa. Saa sita na robo. Lakini swali lilikuwa limebaki, na yeye si mtu wa kurudi nyumbani na swali lililobaki.

"Kitabu cha 1969 kilipotoka, mbona hukusema?"

Kwa mara ya kwanza Hilka aliona haya. Ilimfanya aonekane mdogo. "Dirk alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Delmar akaikuta picha kwenye droo yangu, akaipeleka kwenye kitabu bila kuniambia. Siku kitabu kilipofika akaja mbio, akaketi hapo ulipoketi, akasema, 'Mama, tazama ulivyokuwa mrembo.'" Akavunja haragwe. "Marlys, mimi nimeitwa hodari. Nimeitwa msafi. Nimeambiwa nina mkono mzuri wa mikate. Mrembo sijawahi kuitwa na mtu yeyote, hata Dirk. Nikasema, nitamwambia kesho. Kesho yake akawa ameshaitia fremu."

"Wazee wengine walijua."

"Walijua. Walinipita kanisani wakaniambia picha imetoka vizuri."

"Na Verla?"

Mikono ya Hilka ikasimama juu ya beseni.

"Verla alinitazama siku ile, upande wa pili wa meza. Alijua, na mimi nikajua kwamba anajua. Hakusema kitu. Nilimlea mwenyewe asiseme kitu." Akaokota haragwe, akalirudisha. "Nilimlea vizuri mno."

"Lilikuwa kosa, mama," Marlys akasema.

"Lilikuwa kosa. Na wewe mbona umechelewa kuuliza? Umeolewa hapa miaka kumi na sita."

"Nilikuwa na watoto watatu wa kulea."

"Hiyo si sababu. Mimi nilikuwa na saba."

Marlys akacheka, akachukua penseli. "Basi nitajie na hao wengine. Majina yao wenyewe, si ya waume."

Hapo Hilka akavaa miwani, akainama juu ya picha, na wale wanawake wakaanza kutoka mmoja mmoja. Wa kwanza Trientje Abbas, aliyepanda juu ya paa kuzima moto mwenyewe wakati mumewe anatafuta ngazi. Wa pili Foelke Tjaden, dada yake Dirk, alikuwa anaficha mvinyo aliotengeneza mwenyewe kwa mabua ya rubabu chini ya ngazi za kanisa, hizihizi. Wa tatu Geske, binti wa akina Janssen. Wa nne Antje Wiards, aliyekuwa akipika vibaya na hakuna aliyemwambia. Wa tano Reka Meints. Wa saba Gretje Abbas, yule aliyepotelewa na pete ya ndoa ndani ya unga, ikaonekana kwenye keki ya mchungaji.

"Umemruka wa sita."

"Bi. Eilert Harms." Hilka alikuna shavu. "Yeye tulimwita hivyohivyo."

"Hata jikoni?"

"Hata jikoni. Nadhani hata kitandani." Akaitoa picha juu ya maharagwe, akaweka beseni sakafuni. "Nipe mkono. Nataka kwenda huko."

"Delmar anasema una moyo."

"Moyo ninao. Na miguu ninayo. Nipe mkono."

Kule chini ya kanisa kila mmoja alikuwa amejipatia kazi. Delmar alikuwa anakula keki ya Verla, maana ugomvi ni jambo moja na keki ni jingine, na Verla alikuwa anapanga upya kurasa ambazo Marlys alishazipanga. Walipomwona Hilka anashuka ngazi wote wawili walisimama haraka.

"Mama, hukupaswa kushuka hizi ngazi," Delmar alisema, akimtupia Marlys jicho.

"Nimeshashuka. Keti." Naye Hilka akaketi, akashika ukingo wa meza. "Delmar, mwanamke yule si mimi. Ni Geske. Picha nilipiga mimi."

"Mama, umechoka na joto."

"Sijachoka. Nina miaka themanini na miwili, hilo ni jambo jingine. Ulisema mimi ni mrembo, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka ishirini na mitano. Sasa nimesema."

Uwekundu wa shingo ya Delmar ukapanda mpaka masikioni. Aliitazama picha, akamtazama mama yake, akarudi kwenye pua aliyodhani anaijua. "Kwa hiyo sebuleni kwangu nimemning'iniza..."

"Mama wa dada yako. Pazuri hapo. Mwache."

Verla alikuwa bado amesimama. "Mama," alisema, na hakuwahi kumwita mtu mwingine hivyo, "sikutaka kukuondoa kwenye picha."

"Hukuniondoa, mwanangu. Sikuwemo." Akamtazama Verla. "Nimekukosea."

Neno hilo halisemwi sana Oldendorp. Verla hakujua aweke wapi mikono yake. Mwishowe akaenda kwenye birika la chai la kanisa, akachukua kikombe, akauliza, "Sukari ngapi?" ingawa alikuwa amemwekea mama huyu sukari kwa zaidi ya miaka hamsini.

"Mbili," Hilka akajibu kwa adabu.

Marlys akageukia taipureta na kuingiza karatasi. Alidhani mambo yameisha. Alikuwa amemsahau mwenyekiti.

"Ngojeni," Delmar alisema. Alikuwa ameaibika, na mtu wa namna yake akiaibika hukimbilia taratibu. "Sawa, ni Geske. Nimekubali. Basi tuitoe picha kabisa, tuweke ile ya mafuriko. Tukiandika majina ya hawa wenyewe, wake wote wa kitabu kizima watataka ya kwao. Simu zitalia mpaka Krismasi. Tangu 1894 imeandikwa Bi. fulani."

"Picha ya mafuriko ina ng'ombe wawili na kisima," Marlys alisema.

"Ng'ombe hawalalamiki."

Verla aliweka kikombe mbele ya Hilka taratibu sana, bila kumwaga tone. "Ukiitoa, Delmar, atakuwa ametoka mara ya pili. Safari hii ukijua."

"Basi tupige kura," Delmar akasema. "Kamati yote iko hapa, sisi watatu. Na kanuni zinasema mwenye maslahi katika jambo haruhusiwi kupiga kura. Dada, samahani, wewe ni binti yake. Wewe umetoka."

Verla akatazama ukutani. Kanuni zilikuwa kanuni. Zilibandikwa ukutani juu ya jiko, kati ya maelekezo ya mashine ya kahawa na onyo kuhusu vijiko.

"Ni kweli," Marlys alisema. "Binti wa mmoja ametoka. Na mwana wa mwingine?"

"Mimi?"

"Mama yako ndiye mke wa pili, shemeji. Huna maslahi?"

Hilka alikuwa anakunywa chai na kutazama ukutani kama mtu anayesikiliza mahubiri mazuri.

"Hata wewe ni Rewerts," Delmar akasema. "Umeolewa na Gaylen."

"Mimi? Krismasi iliyopita ulimwambia mchungaji nisiguse mapambo ya mti kwa sababu mimi si wa hapa. Nimezaliwa maili arobaini kutoka hapa. Amua basi. Kama ni wa hapa, mti mwaka huu napamba mimi. Kama si wa hapa, kura yangu ndiyo iliyobaki."

Delmar alifikiri. Mti wa Krismasi wa Oldendorp hupambwa na mkewe, na kabla yake ulipambwa na mama wa mkewe. Kulikuwa na amani ya nyumba ya kuangalia.

"Si wa hapa," alisema.

"Ahsante. Kura moja ya kubakiza picha na majina, hakuna ya kupinga. Wifi, soma herufi nitakapokuuliza."

Na akaanza kuchapa palepale. Alichapa haraka, vidole kumi, kama alivyofundishwa chuoni, na taipureta ikatetemesha vikombe. Trientje Abbas, Foelke Tjaden, Geske Janssen Rewerts. Verla alisimama nyuma yake akitaja herufi za Geske moja moja, ingawa Marlys hakuwa amemuuliza. Antje Wiards, Reka Meints, Bi. Eilert Harms, Gretje Abbas.

"Huyo wa sita mbona umemwacha hivyo?" Delmar akauliza. Alikuwa amesogea karibu bila kujijua.

"Hakuna aliyejua jina lake."

"Inaonekana vibaya, peke yake hivyo."

"Ndiyo. Inaonekana vibaya." Marlys akaendelea. Mwisho wa mstari akaongeza: Picha na Mwalimu Hilka Lindaman.

Hilka alishusha kikombe. "Hilo sikuliomba."

"Sikukuuliza."

Akachukua karatasi ya pili, ukurasa wa familia ya Rewerts, akapiga mstari wa kalamu nyekundu juu ya Dirk na mkewe, akachapa: Dirk Rewerts alimwoa Geske Janssen, wakapata watoto wawili. Geske alifariki Februari 1934. Mwaka 1935 Dirk alimwoa Hilka Lindaman, aliyekuwa mwalimu wa shule yetu, wakapata watoto watano. Hakupamba. Alikata mistari miwili kwa mkasi, akapaka gundi, akaibandika juu ya ile ya zamani, akaikandamiza kwa chupa baridi ya maziwa mpaka ikanyooka. Kisha akageuza ukurasa wa hamsini na nne kumwelekea Verla.

Verla alisoma. Hakugusa jina, kwa sababu gundi ilikuwa mbichi, lakini alisogeza kidole juu yake hewani kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Akasoma tena. Kisha akatoa leso, akapenga kamasi kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Herufi zote zipo," alisema.

Ilikuwa saa saba na nusu. Mpaka mjini ni dakika arobaini ikiwa hakuna trekta barabarani, na Julai trekta zipo. Marlys alipanga kurasa ndani ya sanduku la kadibodi lililowahi kubeba ndizi, akaweka kitabu cha simu juu ili zisipepee, akatafuta funguo zake.

"Shemeji, pikapu yako imeziba gari langu."

Delmar alitazama sanduku. Akatazama chupa ya maziwa, ngazi, na wanawake watatu waliokuwa wakimtazama. Akaona hawakuwa na nia ya kusema kitu chochote kumsaidia.

"Nitapeleka mwenyewe," alisema. "Pikapu ina feni nzuri."

"Utapeleka kama zilivyo?"

"Kama zilivyo."

"Na picha ya mafuriko?"

Delmar akatoa picha ya mafuriko kwenye mfuko wa shati, ambako hakuna aliyemwona akiitia, na kuiweka mezani mbele ya mama yake.

Verla alikuwa ameshachukua mkoba. "Nakwenda naye," alimwambia Marlys, kwa sauti ambayo Delmar angeisikia vizuri. "Si kwamba simwamini."

"Hapana, bila shaka," Marlys alisema.

"Ila simwamini."

"Nimesikia, dada," Delmar alisema, akalibeba sanduku na kupanda ngazi.

Marlys alimsaidia Hilka kupanda nyuma yao, ngazi moja baada ya nyingine, mpaka mlangoni. Verla alikuwa ameshaketi ndani ya pikapu, mkanda umefungwa, sanduku la ndizi mapajani, mikono yote miwili juu ya kitabu cha simu. Delmar aliwasha injini, akatoka kwenye changarawe akiwa ameinama juu ya usukani kama mtu aliyebeba mayai, akapita ghala la nafaka, akashika barabara ya mjini.